Kuchora mashua na ngalawa ufukweni kwa rangi za mafuta: anza na maji, rangi baadaye

Mchorapwani (mleta uzi)

Salaam wakuu.

Humu kuna nyuzi nyingi za kuchora sura za watu kwa penseli, na za Tingatinga ndiyo usiseme. Za wale wanaobeba stendi na sanduku wakaenda kuchorea pwani palepale, chombo kikiwa mbele ya macho, karibu hakuna. Basi huu hapa. Mimi nipo Dar, nachora zaidi Kunduchi na Bagamoyo, na nauli ikipatikana navuka Unguja hadi Nungwi kwa mafundi wa vyombo. Natumia rangi ya mafuta ya tyubu, ile iliyosagwa kwa mafuta ya mbegu za kitani. Ile ya kopo ya kupakia mageti tutaifikia, maana najua mtaiuliza.

Rai yangu ni moja na nitaitetea: anayetaka kuchora vyombo ajifunze maji na upepo kabla hajanunua tyubu ya pili ya buluu. Picha nyingi za pwani zinazouzwa kwa wageni zina mnazi uliolala, bahari buluu tupu, na jahazi ambalo tanga lake limejaa upepo wa kusi (unaotoka kusini) huku bendera yake inapepea kama kuna kaskazi (unaotoka kaskazini). Mgeni hatagundua. Mvuvi atacheka mpaka akae chini.

Tuanze na maji. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na dakika kidogo. Kwenye bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti ya maji Dar na Unguja hukaribia mita 4. Kwenye fukwe zetu zilizo tambarare, mita 4 za kina ni mwendo mrefu sana wa mchanga. Chombo ulichoanza kukichora kinaelea saa moja asubuhi, saa tatu kimeshakaa chini kimelalia ubavu na watoto wanacheza mpira upande wa pili. Halafu majira yenyewe husogea kama dakika 50 kila siku. Anayesema "nitarudi kesho saa hizihizi nimalizie" atakuta picha nyingine. Akitaka maji yaleyale achelewe dakika 50, lakini jua halitamsubiri. Maji na jua hukutana tena vilevile baada ya kama wiki mbili, na kufikia hapo mwenye chombo keshakihamisha au keshakipaka rangi upya.

Kwa hiyo kikao kimoja, ubao mmoja. Nachora kwenye hadibodi ya sentimita 20 kwa 25, nikijisikia sana 25 kwa 30. Kanvasi kubwa ufukweni ni tanga, utasafiri nayo.

Jua nalo. Ukanda huu linapanda wima na upesi. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri vivuli vimejificha chini ya vyombo, mchanga unawaka, kila rangi imepauka. Muda wa kazi ni kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi, kisha saa kumi hadi machweo. Na machweo yetu hayana subira, giza linaingia ukiwa bado unatafuta kifuniko cha tyubu. Ubao wako na paleti viweke kivulini, hata kama ni kivuli cha mwili wako. Ukichorea ubao unaopigwa na jua, picha itaonekana inang'aa pale pale, ukiifikisha nyumbani utakuta ni giza, kwa sababu jua lilikudanganya ukachanganya rangi nzito. Miwani ya jua nayo vua.

Ubao usiwe mweupe. Mimi naupaka siku chache kabla kwa siena ya kuchomwa iliyozimuliwa kwa tapentaini, rangi ya udongo mwepesi. Weupe wa jeso (rangi ya msingi ya ubao) ukikutana na mchanga wa Kunduchi saa mbili asubuhi huoni kitu.

Kitu cha kwanza kwenye ubao ni upeo wa macho. Upeo wa bahari uko sawa na jicho lako, ukikaa unashuka nao, ukisimama unapanda nao. Ukisimama kwenye mchanga tambarare, kichwa cha mtu wa kimo chako kitagusa mstari huo akiwa karibu au akiwa kule mbali kama sisimizi. Wanaochora wavuvi wanaoelea angani wamekosea hapo tu. Baada ya upeo, mwili wa chombo kama sanduku, kisha mkunjo wa ubavu kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), kisha vivuli vyote kwa mpigo mmoja. Vivuli nikishaviweka sivigusi tena, hata jua likihama. Anayefukuzana na vivuli humaliza na chombo chenye jua mbili.

Rangi zangu ni chache: nyeupe ya titaniamu, ultramarini (buluu), viridiani (kijani), njano ya oka, kadimiamu njano, alizarini (nyekundu) na siena ya kuchomwa. Nyeusi sibebi. Maji yetu karibu na mchanga ni kijani chenye njano ndani yake, kwa sababu unauona mchanga kupitia maji. Penye nyasi za baharini yanageuka zambarau ya kahawia. Buluu ya kweli iko nje ya mwamba, nayo mara nyingi ni utepe mwembamba tu chini ya mbingu. Pakeni huo utepe sawasawa na picha nzima itakaa mahali pake. Na mbingu, jamani, inapauka inapokaribia bahari. Haina buluu ileile juu mpaka chini.

Kingine kinachowashinda wengi ni tanga jeupe. Jua likiwa nyuma yake, tanga ni jeusi kuliko mbingu iliyo nyuma, japo akili inasema "nyeupe, nyeupe". Changanya kijivu cha joto chenye oka kidogo. Utaona linasimama.

Karibuni mchango. Matusi kwa wachoraji wa mnazi uliolala yaanzie kwangu, niliwahi kuwauzia wageni hiyo minazi na ikanilipia kodi ya chumba.

---

Fundi Hadibodi

Mkuu uzi mzuri ila umetuonea watu wa kopo. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alianza mwaka 1968 kwa rangi ya kopo juu ya hadibodi hapo Oysterbay, na leo jina lake linajulikana Japani. Tyubu moja ya mililita 37 bei yake napata kopo zima nachora mwezi. Kwa nini tusichorie ngalawa kwa hiyo?

---

Mchorapwani

@Fundi Hadibodi sijamwonea mtu. Tingatinga alijua rangi yake inafanya nini: inatandaa yenyewe, inang'aa, inakaa wazi na mipaka mikali, na mtindo wake ukajengwa juu ya tabia hizo. Tembo wa Tingatinga kwa rangi ya tyubu angepooza.

Ila ufukweni nahitaji kinyume chake. Nahitaji rangi nzito inayokaa pale brashi ilipoiacha, na inayobaki mbichi kikao kizima, ili rangi ya mbingu niivutie ndani ya maji na kijani cha maji nikiingize kwenye kivuli cha ubavu. Rangi ya kopo ukiirudia ikiwa nusu kavu inavutika na kukunjamana. Chora ngalawa za kopo nyumbani, zitatoka safi kabisa. Mbele ya maji yanayopwa itakusumbua.

---

Akriliki Tu

Kwani mmesahau kuna akriliki? Unaosha brashi kwa maji, haina harufu, hamna kuungua mapafu na tapentaini.

---

Mchorapwani

Upepo wa pwani na jua la saa mbili unakausha akriliki kwenye paleti kabla hujaifikisha kwenye ubao. Ukiweza kwenda haraka hivyo nakuvulia kofia. Mafuta hayakauki kwa kupoteza maji, yanakauka kwa kuvuta hewa ya oksijeni polepole, siku hata wiki. Huo ucheleweshaji ndio naununua.

---

Nahodha Mstaafu

Nimeusoma wote. Mleta uzi anajua kiasi. Mimi si mchoraji, nimepanda vyombo tangu sijaota ndevu, niongeze haya.

Moja. Mnahangaika na ratiba za maji kwenye simu, angalieni mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, na huku kwetu siku hizo maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa saa nne kwenda saa tano asubuhi. Kwa hiyo mkitaka vyombo vinavyoelea jua la jioni, njooni siku za bamvua. Mkitaka chombo kimelala mchangani jua likiwa bado changa, msije siku ya bamvua yenyewe, maana maji yatapwa jua limeshapanda. Njooni siku tatu nne kabla, mwezi ukiwa tarehe kumi na moja au kumi na mbili. Maji yanakuwa chini saa moja, saa mbili asubuhi. Kwenye maji mafu, siku za katikati ya bamvua na bamvua, usitegemee kuona chombo kimekaa mbali mchangani, maji hayaendi mbali.

Mbili. Mlingoti wa jahazi hausimami wima kama nguzo ya umeme. Unainamia mbele, kuelekea omo. Wachoraji wote wanausimamisha. Foramali, ule mti unaobeba tanga, ni ndefu, mara nyingi imeungwa miti miwili, na kwenye maungio utaona imefungwa kamba. Inaning'inia upande mmoja wa mlingoti, haipiti katikati yake. Na tanga la jahazi haliishii ncha mbele kama sambusa, pembe ya mbele imekatwa.

Tatu. Vyombo vilivyotia nanga vyote huangalia upande mmoja, upepo unakotoka au mkondo unakotoka, inategemea kipi kina nguvu. Nimeona picha hotelini vyombo vimetia nanga kila kimoja kinaangalia kwake. Hiyo bandari ina wazimu.

Nne. Ule weupe chini ya chombo cha mbao, chini ya mstari wa maji, ni shahamu na chokaa, tunapaka kuzuia wadudu wa bahari wanaotoboa mbao. Una unjano na una mabaka. Msiuchore kama ukuta wa hospitali. Juu yake mbao zimepakwa sifa, mafuta ya ini la papa, ndiyo maana zina weusi wa kung'aa.

---

Mchorapwani

Shikamoo nahodha. Hiyo ya mwezi tarehe kumi na moja inafaa kubandikwa ukutani. Nilikuwa naifahamu kwa ratiba tu, sikujua inashikika kwa tarehe.

---

Nahodha Mstaafu

Marahaba. Ratiba ya simu ni nzuri pia. Ila simu inazima.

---

Binti Mtoni

Habari kaka Mchorapwani. Mimi nasoma sanaa, na swali langu ni hili. Kwa nini nisipige picha kwa simu nikachore nyumbani feni ikiwa imewaka? Mwalimu wetu anasema ni sawa.

---

Mchorapwani

Mwalimu wako hajakosea kabisa dada. Mwaka 1888 Vincent van Gogh alikwenda Saintes-Maries-de-la-Mer, kijiji cha wavuvi kusini mwa Ufaransa. Mashua zilikuwa mchangani asubuhi, lakini zilikuwa zinaondoka mapema mno, hakuwa na muda wa kuzipaka rangi. Akazichora kwa kalamu, akaandika rangi zake pembeni, picha ya mafuta akaimalizia Arles. Ndiyo zile mashua nne za rangirangi unazoziona kila mahali. Ila bahari ya palepale aliichorea ufukweni, na chembe za mchanga zimekutwa ndani ya rangi yake. Monet naye, picha yake ya ufuko wa Trouville ya mwaka 1870 iliyopo London ina mchanga ndani.

Kwa hiyo skechi iliyoandikwa rangi pembeni, ruksa. Simu ndiyo ninayoiogopa. Simu inafanya kivuli kuwa shimo jeusi na mbingu kuwa karatasi nyeupe, halafu wewe unanakili shimo na karatasi. Macho yako yanaona ndani ya kivuli cha mashua buluu ya mbingu na mwanga wa mchanga unaorudi chini ya ubavu. Huo mwanga unaopanda kutoka mchangani ndio unaofanya chombo kiwe na uzito. Piga picha kama kumbukumbu ya kamba na mafundo, rangi zichukue kwa macho.

---

Binti Mtoni

Asante. Na vivuli vya maji? Yaani chombo kinapojiakisi.

---

Mchorapwani

Kanuni ya haraka: kilicho cheusi huakisika kikiwa cheupe kidogo kuliko chenyewe, kilicho cheupe huakisika kikiwa kimefifia kidogo. Na akisi inashuka wima kuja kwako. Mlingoti ukiwa umeinama kuelekea kwako, akisi yake itakuwa ndefu kuliko mlingoti unavyoonekana. Mawimbi yakianza ivunje kwa mistari ya kulala. Kwenye mchanga mbichi maji yakitoka ndiyo akisi nzuri kuliko zote, laini, haina mawimbi. Inadumu muda mfupi mno, iwekeni mapema.

---

Mshela

Kutoka Lamu, hamjambo. Huku tuna bahati, vyombo vya tanga bado vipo vingi, na mashindano ya majahazi watu hujaa ufuoni. Kuna pia tamasha la wachoraji ambalo Herbert Menzer, Mjerumani mwenye nyumba Shela, amekuwa akiliandaa. Huleta wachoraji wa Ulaya waliozoea kuchorea nje na kuwakutanisha na wachoraji wa Kenya. Nimewaona wakisimama juani na stendi zao, wekundu kama kamba wa kuchemsha, na watoto nyuma yao wanahesabu makosa.

Nilichojifunza kwao: chini ya stendi ning'iniza mfuko, ujaze mchanga hapohapo. Hulazimiki kubeba jiwe kutoka nyumbani. Mwavuli waachie wao. Upepo wa kusi ukishika mwavuli uliofungwa kwenye stendi, picha, rangi na tapentaini vyote vinakwenda kisiwa cha Manda bila nauli.

Mchanga ukiingia kwenye rangi mbichi msiuguse. Uacheni picha ikauke, kisha pitisheni brashi kavu, mwingi utatoka wenyewe. Ukiusugua mbichi umetengeneza msasa.

Swali la kwetu: brashi hizi ngumu za mafuta ni nywele za nguruwe. Wengine hatutaki kuzishika. Mnatumia nini?

---

Mchorapwani

@Mshela zipo za nailoni ngumu zilizotengenezwa kwa ajili ya mafuta, ugumu wake unakaribia kabisa. Chagua bapa, namba 4, 6 na 8, zinatosha. Na kisu cha paleti kinafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani: mstari wa foramali, ukingo wa tanga, povu. Kuna waliochora miaka kwa kisu tu.

Ukitaka kucheka zaidi, kabla ya tyubu rangi ya mafuta ilihifadhiwa kwenye vibofu vya nguruwe. Tyubu ya bati aliisajili mchoraji Mmarekani, John Goffe Rand, mwaka 1841. Bila hiyo tyubu, kutoka nje na rangi ya mafuta kulikuwa kazi ya punda na mtumishi.

---

Mshela

Astaghfirullah. Rand tumshukuru basi. Punda tunao lakini.

---

Nipo Muscat

Huku Oman nachora Sur, vyombo vya zamani vya mbao vimewekwa pale na karakana ya kuundia vyombo ipo. Mtu wa Unguja akizitazama ile mikunjo ya tezi anajiona nyumbani. Ushauri kwa wasafiri: tyubu za rangi ya mafuta kwa kawaida zinapita kwenye begi kubwa la ndege, mbebe karatasi ya mtengenezaji inayoonyesha kuwa si kitu cha kushika moto kirahisi. Tapentaini haipandi ndege, nunueni mnakokwenda. Mimi siku hizi sibebi kabisa, napangusa brashi kwa kitambaa na mafuta kidogo, naosha kwa sabuni nikirudi.

---

Mama Ukumbi

Hapo kwenye kitambaa mmenikumbusha, na hakuna aliyelitaja. Matambara yenye mafuta ya kitani yakikunjwa na kurundikwa yanapata joto yenyewe yanapokauka na yanaweza kuwaka bila kiberiti. Kwenye gari lililofungwa juani ndiyo balaa zaidi. Tandazeni yakauke moja moja nje, au yalowekeni kwenye maji ndani ya kopo lenye mfuniko kabla ya kutupa. Na tapentaini chafu msimwage baharini. Iacheni itulie, uchafu ushuke chini, ya juu itumike tena.

---

Mchorapwani

Mama, ubarikiwe. Hilo lilipaswa kuwa kwenye bandiko la kwanza, nitaliongeza.

---

Fundi Hadibodi

Nimeshawishika nusu. Picha mbichi mnarudi nazo vipi kwenye daladala?

---

Mchorapwani

Bao mbili za ukubwa mmoja, nyuso zikitazamana, vipande vinne vya mbao nyembamba kwenye pembe ili zisigusane, kisha mpira wa kufungia pande mbili. Wewe fundi utajitengenezea kisanduku chenye mifereji ndani, kama cha vioo, kitabeba nne. Kaa dirishani, konda asikuwekee ndoo ya samaki juu. Rangi ziweke nyembamba mwanzo na zenye mafuta zaidi mwisho, ukigeuza utaratibu juu itakauka kabla ya chini na kupasuka. Vanishi subiri nusu mwaka angalau.

---

Binti Mtoni

Na ruhusa? Tunaanza tu kuchora vyombo vya watu?

---

Nahodha Mstaafu

Kila mwalo, pale vyombo vinapotua, una kamati yake ya wavuvi. Wasalimieni hao kwanza, kisha mwenye chombo. Mwambie unachora nini, na ukimaliza mwonyeshe. Atakuonyesha kilichokosewa bila kulipwa. Karibu na bandari kubwa na kambi msifungue stendi, mtatumia siku nzima kujieleza.

---

Binti Mtoni

Kaka Mchorapwani, Jumamosi unakuwa wapi? Tupo watatu darasani tunataka kuja na bao zetu.

---

Mchorapwani

Kunduchi, upande wa soko la samaki. Nahodha, Jumamosi mwezi tarehe ngapi?

---

Nahodha Mstaafu

Kumi na moja. Saa moja maji yako chini. Mfike kumi na mbili na nusu, na msile mihogo karibu na rangi zenu.